Nyuma ya Nguzo ya Umeme

Kila nikitoka shule namwamkia Bibi, halafu namuuliza kama amekula. Bibi ana ugonjwa wa sukari. Akishajichoma sindano yake ya kushusha sukari lazima ale. Hunijibu kwa utani uleule: "Nimekula chumvi nyingi, mjukuu wangu."

Jumanne ile hakujibu. Alikuwa kitandani, jasho linamtiririka, macho wazi lakini hanioni. Nikamwita Mjomba. Akapiga simu kuita gari la wagonjwa.

"Wanataka mtu asimame barabarani awaonyeshe njia," aliniambia, simu bado sikioni. "Nyumba zetu hazina namba. Nenda pale kwenye kona, uwapungie mikono. Haya, mbio!"

Kwenye kona walikuwepo wavulana watatu wa darasa letu, wamekaa juu ya matofali.

"Leo Kimya ni trafiki!" mmoja akasema. Kimya ndilo jina walilonipa.

"Atasimamishaje magari, na kuitika jina tu darasani hawezi?"

Nikasogea nyuma ya nguzo ya umeme. King'ora kikasikika. Nilijua la kufanya, ila mikono ilikataa kuinuka. Gari la wagonjwa likanipita, likateremka mteremko, likapotea.

Hapo ndipo nikaingia barabarani nikipiga kelele, "Rudini! Ni huku!" Kiatu kimoja kikabaki nyuma. Wavulana hawakucheka tena. Mmoja akarukia baiskeli yake, akalifuata gari. Lilirudi baada ya dakika saba.

Mhudumu aliyeshuka alikuwa mama mfupi, mkoba mzito mgongoni. Hakupaza sauti. Alivaa glavu, akamtoboa Bibi kidole, akasoma kipimo. "Sukari imeshuka sana." Akatafuta mshipa, akamtia dawa polepole, huku akimsemesha kana kwamba anamsikia: "Nakuchoma kidogo, mama. Pole."

Baadaye Bibi akapepesa macho. "We nani? Mbona umenishika mkono kama mchumba?"

Mjomba akacheka, kisha hasira zikampanda. Akamgeukia dereva aliyesimama mlangoni. "Ndugu yangu, mtoto nilimweka kwenye kona, wewe ukampita! Nitamwambia mkubwa wako."

"Mzee, sikumwona mtu," dereva akasema.

Mhudumu alikuwa anajaza fomu: saa ya simu, saa ya kufika, kipimo cha kwanza, cha pili. Kalamu ikasimama. "Sababu ya kuchelewa?"

Hakuna aliyeniangalia. Ningeweza kunyamaza tu, na kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza.

"Hakuniona kwa sababu nilijificha," nikasema. "Nyuma ya nguzo. Niliona haya."

Mjomba akamgeukia tena dereva. Akampa mkono. "Nisamehe, ndugu yangu."

Mhudumu aliandika, halafu akaniambia, "Kuona haya si kosa, mwanangu. Hata mimi huona haya kuingia vyumbani mwa watu nisiowajua. Lakini mgonjwa hangoji haya yetu iishe. Dakika saba zingeweza kumchukua bibi yako. Ila umesema kweli, na ukweli unatusaidia: kesho nitawaambia wenzangu wanaopokea simu waombe watu wawili barabarani, si mmoja."

Akamgeukia Bibi. "Na wewe, mama. Mchana ulikula?"

"Nimekula chumvi nyi—"

"Mama."

Bibi akanitazama, kisha akatazama ukuta.

"Sijala," akasema.

Mhudumu akaliandika na hilo. Mimi nikaenda jikoni kumpashia chakula.