Tone Lisilofika Chini

Jua lilikuwa linazama nilipotoka na chupa ya rangi ya keki. Nilikuwa nimemlaza Lempi, mwanangu mchanga. Mume wangu Reino alikuwa amelala kifudifudi kwenye theluji, kichwa kimeingia kwenye uwazi wa pampu chini ya jakuzi, beseni letu la maji ya moto la uani. Tulitafuta panapovuja.

"Mimina karibu na pampu," alisema. "Kidogo tu, Saima. Hatupiki keki."

Nikamimina. Maji yakawa mekundu. Kila siku jakuzi lilipungua upana wa kiganja, na kwa baridi ya mji wetu wa Calumet, maji yakipungua pampu husimama na mabomba hupasuka kwa barafu.

Mama mkwe, Hilja, alisimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa.

"Hapo palikuwa na kibanda cha sauna cha baba yako," alimwambia Reino. "Wa mwisho kuoga alimwachia mwenyewe, yule wa chini ya sakafu, fungu lake la mvuke. Ninyi mkaibomoa, mkaweka sufuria ya supu."

"Mwenyewe ni mimi, Mama."

"Wewe? Wewe uliyekuwa ukiogopa sabuni?"

Reino alicheka. Kisha akaita, "Nimeliona tone! Saima, nimulikie."

Nikainama na tochi. Kwenye nati kubwa ya plastiki, pale bomba linapoingia kwenye pampu, tone jekundu lilikuwa linakua. Reino akageuka kutafuta spana. Mimi nikaendelea kutazama.

Tone likavimba... likaning'inia... likadondoka.

Sakafu ya zege chini yake ilikuwa kavu.

Likaja la pili. Nalo halikufika chini. Nikasikia sauti ndogo, kama ya mtu anayemeza. Ikaja harufu ya moshi wa kuni, na hatukuwa na moto popote.

Nilitaka kusema. Lakini mimi si msemaji, na Reino alikuwa amesharudi. Akakaza nati. Tone likakoma.

Asubuhi jakuzi lilikuwa halijapungua.

Matiti yangu yalikuwa matupu.

Lempi alinyonya, akaachia, akalia. Nilikunywa uji, nikajikanda kwa maji ya moto. Wapi! Maziwa ya kopo aliyatapika. Nesi alisema kwa simu ni uchovu tu, tumlete barabara ya kwenda kliniki ikisafishwa theluji. Kufikia jioni mtoto alikuwa analia bila machozi, na ulimi wake umekauka kama kitambaa.

Hilja alinitia spana mkononi.

"Mmemfungia mwenyewe fungu lake. Nenda kalegeze nati kabla mwanangu hajarudi kutoka kazini," alinong'ona. "Usichungulie."

Nikalala kwenye theluji, nikafumba macho, nikalegeza nati kwa kupapasa.

Kimya...

Glu.

Maziwa yakanitoka palepale, yakalowesha koti. Nikakimbilia ndani. Lempi akanyonya mpaka akasinzia. Nikampangusa mdomo, nikatazama kitambaa.

Maziwa yalikuwa ya rangi ya waridi.

Baadaye nesi alisema ni chuchu iliyopasuka. Nilijitazama kwenye kioo. Chuchu hazikuwa na mpasuko wowote.

Tangu hapo, kila jua likizama, niliongeza maji jakuzini kwa mpira wa bustani. Reino alikaza nati, nami nikailegeza akitoka. Lempi akanenepa. Hilja alikuwa akinitazama dirishani.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, nilirudi kutoka dukani jioni moja nikamkuta Reino uani ananawa mikono huku akipiga mluzi.

"Ile nati ya kichawi inayojilegeza nimeitupa," alisema. "Nimekata bomba, nimebandika jipya kwa gundi. Halitavuja hata tukifa!"

Kikombe cha Hilja kikaanguka pale mlangoni.

Nikashika kifua changu. Kilikuwa chepesi. Ndani, Lempi akaanza kulia.

"Reino," nilinong'ona, "msumeno uko wapi?"

"Niliusahau mle chini. Wa nini?"

Nilikuwa nikisikiliza. Chini ya jakuzi kitu kilikuwa kinaburutwa... polepole... chuma juu ya zege.

Msumeno ukatokeza kwenye uwazi wa pampu. Mpini wake ulinielekea mimi.