Jini Aliyesingiziwa Ndege

Saado alipiga deki chumba cha mbele mara tatu alasiri ile, na mara tatu maji yakarudi. Bati lilikuwa zima, mtungi umefunikwa, nje jua kali. Maji yenyewe yalikuwa membamba, yametandaa sakafuni, na yalinuka mpira ulioungua.

"Dahir, hii maji inatoka wapi?" alimuuliza mumewe.

Dahir, aliyejilaza kwenye mkeka shavu limejaa miraa, alijibu bila kugeuza shingo kwamba ni unyevu wa ardhi. Majibu hayakuwahi kumpungukia bwana huyu. Kutazama ndiko kulikomshinda.

Na kutazama ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alikuwa msimamizi wa uwanja wa ndege wa Gedweyne, mji mdogo mbele ya Modogashe. Kila ndege ya abiria ilipokaribia, alitakiwa aende uwanjani, kilomita sita tu, apite lami yote kwa gari, afukuze mbuzi, aangalie maji na upepo, kisha amwambie rubani alichokiona. Mambo ya nusu saa. Dahir aliona nusu saa ni mateso. Alibeba redio ya mkono hadi nyumbani, na rubani akiuliza, alijibiwa kutoka mkekani: kavu, upepo hakuna. Hata daftari la uwanja alilijaza Jumamosi kwa wiki nzima, kavu, kavu, kavu, ili asisumbuliwe.

Mvua za huku hulowesha upande mmoja zikauacha mwingine na vumbi lake. Siku tisa kabla ya maji ya Saado, mvua ya ghafla iliupiga uwanja, mjini lisidondoke hata tone. Saa kumi na dakika kumi ikaja ndege yenye watu arobaini na sita. Rubani alikuwa Hamdi, binti wa mtaa wa Iftin kule Garissa. Aliuliza hali ya uwanja, akajibiwa yale yale. Kwa hiyo alitua upande ambao upepo ulimsukuma kutoka nyuma, juu ya lami iliyojaa maji. Breki zikateleza, ndege ikapita mwisho wa lami na kugonga kichuguu kikubwa kilichokuwa mbele. Watu wanne walikufa. Hamdi alivunjika miguu yote miwili.

Dahir akafanya nini? Alivaa kanzu safi, akaenda kwenye redio ya mji na kusema kwa sauti ya msiba kwamba kichuguu kile kina jini, na jini huyo ndiye aliyeivuta ndege kwa kuchukia kuona mwanamke akiirusha. Watu wazima wenye ndevu zao walitikisa vichwa wakakubali. Upumbavu ule ulifika Modogashe kabla ya ambulensi.

Ubaya ni kwamba kichuguu kilikuwa na jini kweli, na jini alisikia.

Siku ya pili maji yalirudi saa ile ile ya ajali, kumi na dakika kumi. Siku ya tatu yalifika vifundoni. Siku ya tano redio ya mkono, ambayo betri yake Saado alikuwa ameitoa kwa hofu na kuifukia kwenye unga, ilikohoa, ikatoa mlio wa magurudumu yanayoteleza, mlio mrefu usiotaka kwisha, na ndani ya mlio huo sauti nzee ikauliza taratibu hali ya uwanja, na Dahir, miraa ikimdondoka mdomoni, alitaka kulitaja jina la Mungu lakini akajisikia akisema kavu, upepo hakuna, ilhali maji yamemfika magotini, harufu ya mpira na nywele zilizoungua imejaa chumbani, na pazia la dirisha, mchana ule ambao hata jani halikutikisika, limenyooka kama ubao kumwelekea yeye.

Kesho yake Saado alimleta Maalim Abdiwali kutoka Modogashe. Maalim alisoma Kurani mpaka sauti ikamkauka. Redio ikakohoa.

"Wewe nani?" Maalim alinong'ona.

"Mimi nimesingiziwa," redio ilijibu. "Wazee wangu wamekaa hapo kabla ya ngamia wa kwanza. Hatujagusa ndege ya mtu. Ndege ndiyo imevunja mlango yangu."

"Nini itakutoa hapa?"

"Kesho wakaguzi wa ajali wanakuja kutoka Nairobi. Huyu aseme mbele yao kwamba hakutazama. Nikisikia hivyo, nimetoka."

Maalim alipoondoka, Saado alimsogelea mumewe, akasema chini chini, "Hamdi amelala hospitali Garissa, askari amekaa mlangoni. Wakiamini daftari yako, atashtakiwa kwa wale watu wanne. Sema ukweli, Dahir. Ni neno moja tu."

"Nikisema, nafutwa kazi."

"Watu wamekufa."

"Si wameshakufa?" Dahir alisema. "Mimi bado niko."

Wakaguzi wawili walikuja nyumbani, kwa kuwa Dahir alidai anaumwa. Saa kumi na dakika kumi walikuwa wamekaa na vikombe vya chai, viatu vyao vikavu, hawaoni kitu. Saado aliyaona maji yakimpanda mumewe hadi kifuani. Mkaguzi mkubwa alimuuliza kama siku ile alifika uwanjani kutazama, na hali ilikuwaje.

Dahir alifungua mdomo, akashtuka. Safari hii hakuna kilichomshika ulimi. Jini alikuwa amemwachia, asubiri asikie.

"Nilifika mwenyewe, wallahi," Dahir alisema. "Kavu. Upepo hakuna."

Mkaguzi aliandika. Maji yakashuka yote kwa mara moja. Wageni walipokwisha kuaga, redio ilisema kwa uchovu, na ilimwambia Saado peke yake.

"Nimekaa na fisi, abaayo, dada yangu, nimekaa na nyoka. Lakini na huyu siwezi kukaa."

Harufu ikaondoka. Dahir alicheka, akasema dawa ya Maalim ni kali, akaagiza chai.

Jumatatu Hamdi alisomewa mashtaka akiwa kitandani, kosa la kusababisha vifo vya watu wanne. Dahir aliisikia habari hiyo kwenye redio ya mji, akapiga mwayo, akalala fofofo.

Saado alikaa kumtazama. Sakafu ilikuwa kavu, pazia limetulia, nyumba nzima kimya, na hapo ndipo hofu ya kweli ilipomwingia. Alisogea polepole mpaka kichwani pa mumewe, akaanza kusoma Ayatul Kursi, aya ya kufukuzia shetani, na kila alipoimaliza alimpulizia.