Viti Arobaini vya Nyantende

Haya hayakumpata mtu wa mbali. Yalitupata sisi, na aliyeyaleta ni mdogo wangu Murhula, anayejua kompyuta kuliko anavyojua adabu.

Ilikuwa Alhamisi mchana, kwake Muhumba, mjini, tunakula bugali na sambaza, dagaa wa ziwani. Alikuwa amemaliza tovuti ya kutangazia matanga: jamaa aliye Kamituga au Ulaya afungue simu, aone nani amefariki, anazikwa lini, viti vingapi vinahitajika. Yote aliifunga ndani ya kontena, kama sanduku moja lenye kila kitu, akaituma kwenye serveri, kompyuta kubwa iliyo ng'ambo. Ikafunguka. Nikampigia makofi.

Kisha nikasoma tangazo la kwanza. Maman Agnès, Nyantende. Mazishi Jumamosi. Viti arobaini.

Mama yetu! Asubuhi ileile alikuwa amenipigia simu kunisifia maharage yake.

"Murhula, weye iko na akili kweli?"

"Ni jina ya kujaribia tu, yaya," akajibu; ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake. "Niliandika ile ilikuya ya kwanza mu kichwa."

"Ya maman yako? Toa!"

Akalitoa. Akaiwasha upya kontena, na jina likarudi. Akacheka, akasema alilisahau ndani ya sanduku lenyewe. Akalifuta humo, akafunga sanduku jipya, akatuma. Likarudi. Hakucheka tena. Akafuta serveri nzima.

Nikafungua simu yangu. Tangazo lilikuwepo. Chini yake mtu alikuwa ameandika rambirambi, bila jina: "Tuko njiani."

"Yaya," Murhula alininong'oneza, "hii kitu haiko tena fasi yoyote, nimefuta kila pahali."

Nikapiga simu Nyantende palepale. Mama simu yake haikupatikana, wala siku iliyofuata, mvua ilipotufungia njia. Jumamosi kulipopambazuka tukapanda pikipiki mpaka Nyantende. Njia nzima nilikuwa nasali na kumtukana mdogo wangu kwa zamu.

Tukamkuta mbele ya nyumba, ameketi, anachambua maharage. Mzima! Nilimkumbatia nikalia mpaka kitenge chake kikalowa.

"Munalia nini? Simu iliisha moto tu, chaji hakuna," akasema. Kisha akashusha sauti, akaonyesha nyuma ya nyumba. "Lakini hivi viti, ni nani alituma?"

Tukazunguka nyuma. Viti vya plastiki, vyeupe, vipya. Vimepangwa safu kwa safu. Vyote vinatazama mlango wake wa uani. Vimelowa umande. Udongo wote ulikuwa laini, na hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Murhula akahesabu kwa kidole. Akarudia.

"Ni trente-neuf," akanong'ona, yaani thelathini na tisa. "Moja inakosa."

Nikarudi mbele mbio. Mama alikuwa ameinama juu ya ungo wake. Kiti alichokalia kilikuwa cha plastiki, cheupe, kipya.

Leo ni mwezi wa tano tangu siku ile. Mama bado mzima, amekataa kuhamia mjini, na mimi kila Jumamosi ninaamka na hofu. Tumeuliza wakodishaji wote wa viti, hakuna anayevijua. Mwenye viti bado hajaja kuvichukua.