Alimsikia Wala Hakuweza Kumwita

"Wale watoto wa sinema wamefukiwa na mawe. Wa kike hakutoka."

Maneno hayo yalinifikia saa saba mchana, mguu wangu ukiwa kwenye cherehani. Jirani yangu ndiye aliyeyaleta. Yeye aliyapata kwa muuza mkaa, na muuza mkaa aliyapata kwa wifi yangu. Nikapiga simu ya binti yangu, haipatikani. Nikapiga ya kaka yangu, haipatikani. Nikaendelea kushona sketi niliyokuwa nayo, mpaka nikagundua uzi umekwisha kitambo na nilikuwa naitoboa nguo bure.

Leo binti yangu ni mzima, yuko chumba cha pili anacheka na mtu kwenye simu. Lakini uvumi ule haujanitoka. Kila akichelewa kupokea simu nausikia upya: wa kike hakutoka. Ndiyo maana naandika. Shule niliishia la saba na kalamu yangu ni nzito, ila kuogopa hakuhitaji cheti. Mengine niliambiwa na wao wenyewe. Mengine niliyasikia kwa masikio yangu, maana wale watoto walirekodi kila kitu.

Walikutana kwenye soko la vifaa vilivyotumika, mahali ambapo redio mia zinaimba kwa pamoja na watu wanasukumana kama siafu. Binti yangu alivaa gauni la buluu nililomshonea, na raba ambazo zamani zilikuwa nyeupe. Kijana alikuwa na shati la mistari, mikono imekunjwa, hedifoni zimemning'inia shingoni. Mikono yao ikaangukia maiki moja ndogo, ile ya kubana kwenye nguo.

"Dada, hiyo nimeiona mimi kwanza."

"Umeiona. Mimi nimeishika."

"Basi sema kitu niijaribu."

"Niseme nini?"

"Chochote. Sauti yako haina kutu."

"Na maneno yako yana mafuta mengi, kaka."

Muuzaji akagonga meza. "Nyie, mnanunua au mnachumbiana? Mnanizibia wateja!"

Ikajulikana kwamba binti yangu ni mtu wa kamera na kijana ni mtu wa sauti, na kila mmoja alikuwa anatafuta mwenzake wa kazi. Tangu siku hiyo akamwita kijana Sikio, naye akaitwa Jicho. Mimi nikaanza kukosa raha nyumbani kwangu.

"Mama, ni mwenzangu wa kazi tu."

"Mwenzio wa kazi, mbona siku akija unajipaka mafuta mara mbili?"

"Ngozi imekauka, Mama."

"Itakauka kweli, kwa kusuguliwa vile."

Mwezi wa tatu wakaniletea habari ya safari. Walitaka kupiga filamu ya kweli, ya watu wanaoishi juu ya machimbo ya mawe, ambao kuta zao zinapasuka kila baruti ikilipuliwa huko chini.

"Nani kawatuma?"

"Hakuna, Mama. Ni filamu yetu wenyewe."

"Mtu asiyetumwa, akipotea nani atamtafuta?"

Hata hivyo nilikubali, kwa sharti kwamba kaka yangu aende kuendesha gari. Alikuwa mjomba wa binti, naye Sikio akaanza kumwita Mjomba kabla hajapewa ruhusa. Halafu nikamshonea binti yangu mfuko wa siri kiunoni, ndani ya lile gauni la buluu, wa kukaa kile kidude cha maiki kinachorusha sauti hewani, kisidondoke. Niliushona vizuri mno. Mtu angeweza kukaa nacho siku nzima akasahau kwamba anacho.

Siku tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Kila jioni Jicho alinipigia.

"Mama, tumekula, tumeoga, na Mjomba amelala."

"Mjomba amelala saa hizi? Nani anawalinda?"

"Sikio yupo."

"Huyo ndiye namwogopa!"

Nikasikia kijana anacheka pembeni. "Shikamoo, Mama! Mimi ni kondoo!"

"Marahaba. Kondoo naye hula shamba la watu."

Sasa sikiliza jambo dogo lililotaka kuniulia mtoto. Kadi za kamera waliziweka kwenye kopo la pipi. Sheria yao ilikuwa moja: kadi iliyojaa picha inalala kifudifudi, na ile ambayo picha zake zimekwisha kuhamishwa inalala chali. Ya kifudifudi haiguswi mpaka picha zihamishiwe kwenye kompyuta. Ya chali inafutwa asubuhi na kutumika tena.

Jioni ya siku ya tatu walikuwa wametoka chini machimboni, kwa ruhusa. Jicho alikuwa amempiga picha bibi mmoja akisimama mlangoni kwake juu kabisa ya genge, nusu ya uwanja wake imekwisha kumegeka. Bibi alipunga kitambaa. Ilikuwa picha ambayo filamu nzima iliisubiri, kwa sababu kesho yake jioni mwanawe alikuwa anakuja kumhamisha.

Jicho akiwa anatoa kadi ile kwenye kamera, Sikio akamsogelea.

"Jicho wangu. Tukimaliza filamu hii nitakwenda kwa mama yako. Sitakwenda na maiki."

"Utakwenda na nini?"

"Na moyo wangu mkononi. Akiutupa, basi."

Binti akaacha kuitazama kadi. Akacheka, akageuza uso, akaitia kadi kwenye kopo. Akailaza chali.

Asubuhi Sikio akaifuta.

Jicho wakati huo alikuwa amekaa kitandani katika nyumba ya wageni, maiki imebanwa kwenye gauni, anasoma maneno atakayosema kwenye filamu. Kijana akaingia na uso wa majivu.

"Jicho. Picha ya bibi... nimeifuta."

"Usinitanie asubuhi yote hii."

"Kadi ilikuwa chali."

"Mimi niweke kadi chali? Mimi?" Akasimama. "Jana nilikuona ofisini kwa msimamizi wa machimbo, mnakunywa soda, mnacheka. Leo picha imefutika. Wamekuahidi nini?"

"Nilikwenda kumuuliza..."

"Usiniambie!"

"Jicho, sikiliza."

"Usiniite Jicho. Niite dada, kama siku ile sokoni."

Akabeba kamera akatoka, mlango ukagonga ukuta. Kijana naye ana kiburi chake. Hakumfuata. Alidhani amekwenda kulia kwa yule bibi.

Alichokwenda kuuliza kwa msimamizi ni kitu kimoja tu: baruti inalipuliwa saa ngapi. Aliuliza kwa sababu yangu, maana kila siku nilikuwa namsumbua kwenye simu. Jibu alikuwa ameliandika kwenye kiganja: kesho, saa sita kamili, king'ora kirefu mara tatu.

Saa tano na dakika arobaini alikuwa anakusanya vifaa kwa hasira, akaona kile kisanduku cha kupokea sauti kina taa ya kijani inayochezacheza. Akajua binti hajavua maiki. Akavaa hedifoni. Akasikia kokoto zinakanyagwa, na mtu anavuta kamasi.

"Mwongo mkubwa," sauti ilisema. "Na mimi mjinga, nimempenda."

Akaona haya, kama anachungulia dirisha la watu. Alitaka kuzivua. Ndipo king'ora kikalia. Alikisikia mara mbili: kwa mbali kupitia dirishani, na ndani ya masikio yake, karibu sana, kana kwamba kimewekwa kifuani kwa Jicho.

Halafu akamsikia anasema, kwa raha kabisa: "Afadhali, wameenda kula. Nitapiga picha kwa nafasi."

Jana yake wafanyakazi walikuwa wameitwa kula kwa king'ora, ila kifupi. Binti hakujua tofauti. Alikuwa ameteremka kwa njia ya nyuma, ile ya mbuzi, na getini hakuna aliyemwona.

Sikio alishika simu akapiga. Akasikia simu yake mwenyewe inaita kwenye masikio yake, mfukoni kwa binti. Ikaita, ikaita.

"Piga mpaka uchoke," Jicho alisema, akakata.

Akapiga tena. Ikakatwa, kisha ikazimwa.

Mimi rekodi hiyo nimeisikia. Kinasa sauti kilikuwa begani kwa Sikio kikikimbia naye. Nawaambieni, hakuna kitu kibaya kama kumsikia mtoto wako anahema, anaguna, anatengeneza miguu ya kamera, anaimba kidogo kidogo wimbo niliomlazia akiwa mdogo, na wewe unajua asichokijua.

Kijana alitoka mbio. Kwenye gari Mjomba alikuwa amelala, kofia usoni.

"Mjomba! Kimbia getini! Waambie wasilipue, Jicho yuko chini!"

Kaka yangu akaamka, akavaa kiatu kimoja, akakimbia.

Sikio aliteremka gengeni akiongozwa na hedifoni. Akipotea njia sauti inakwaruza na kukatika. Akirudi upande wa kweli inasafika. King'ora cha pili. Machimbo yalikuwa matupu, vumbi limetulia, mawe makubwa kama nyumba, na huyo mtu hamwoni.

"Bibi, sogea kidogo kulia," sauti ikasema masikioni mwake, kana kwamba bibi angeisikia kule juu. "Ee, hapo hapo."

Ikawa safi kabisa. Akazunguka katapila. Binti yuko pale, mgongo umemwelekea, jicho kwenye kamera.

"Jicho!"

"Nimekwambia uniite..."

King'ora cha tatu kikalia. Sikio akamshika kiuno, wakaanguka pamoja chini ya katapila, kamera ikabaki imesimama peke yake. Akavua hedifoni zake akamvalisha binti, akazibana kwa viganja vyake viwili. Mwenyewe akabaki masikio wazi.

Baruti ilipolipuka, kaka yangu alikuwa hajafika getini. Aliona vumbi linapanda, akapiga simu kwa mkewe akilia: "Watoto wamefukiwa!" Akaidondosha ikavunjika. Mkewe akamwambia muuza mkaa. Yanayofuata mmekwisha kuyajua.

Walitolewa wote wawili, weupe kama waliomwagiwa unga. Kamera ilikuwa imepondeka, lakini kadi iliyokuwa ndani ilipona, na bibi yumo, anapunga kitambaa mpaka mwisho. Hospitali wakasema sikio la kushoto la kijana limekufa. Mtu wa sauti, fikiria.

Jicho alikaa kando ya kitanda chake.

"Ile kadi niliiweka mimi chali."

"Najua. Baadaye nilikumbuka ulivyogeuza uso."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikwisha toka, dada."

"Usiniite dada," akasema, akalia.

Waliporudi walikuja kumalizia filamu kwangu, kwenye meza ya cherehani, maana kwa kijana kuna kelele. Mchana mmoja Jicho alikuwa anasikiliza ile rekodi, mimi nakata kitambaa. Nilikuwa sijawahi kuifikisha mwisho, kila mara naishia king'ora cha pili. Yeye akaifikisha. Nikamwona anaganda.

"Mama, njoo usikie."

Nikaweka mkasi chini, nikavaa hedifoni. Baada ya kishindo kuna kimya kirefu, mawe madogo yanadondoka. Halafu kikohozi. Halafu sauti ya kijana, kubwa, kama anamwita mtu ng'ambo ya mto:

"Nikitoka hapa, utakubali nikuoe?"

Na binti yangu: "Sikusikii!"

"Na mimi sikusikii!"

"Unasemaje?"

Basi wote wawili wakacheka huku wanalia, na hakuna aliyejua mwenzake kasema nini. Kijana hakuuliza tena. Alidhani jibu ambalo hakulisikia lilikuwa la kukataa.

Alikuwa barazani anakunja waya. Binti alimwendea, akampita upande wa kushoto, akasimama upande wake wa kulia, akaweka mdomo karibu na lile sikio lililobaki. Alichosema sikukisikia, wala hakikuwa changu. Nilimwona tu kijana anaacha waya zinaanguka.

Baadaye alikuja kusimama mbele yangu. "Mama, nilisema sitakuja na maiki."

"Na moyo uko wapi?"

"Mwanao ameshauchukua."

"Basi kaa ule. Kondoo wewe."

Nimeridhia, lakini hofu haijaondoka. Kwa hiyo nyinyi vijana mnaosafiri na kamera zenu, haya myaepuke:

Usiguse kadi huku unaambiwa maneno matamu.

Usimwite mtu msaliti kabla hajamaliza sentensi.

Usikate simu ya mtu mliyegombana naye. Pokea, mtukane, lakini pokea.

Usidhani kila king'ora ni cha chakula.

Usiingie kwa njia ambayo mlinzi hakuoni.

Usimpe ulinzi mjomba anayependa usingizi.

Usipeleke habari ya kifo kwa mama kabla hujaona kwa macho yako.

Na usiende na maiki moja, mmoja anasikia na mwingine hasikii. Wiki ijayo hawa wanasafiri tena. Nimeshona mifuko miwili, mmoja kwenye gauni, mmoja kwenye shati.