Mstari Aliouruka Mume Wangu

Jumapili, tarehe 14 Septemba 2025. Nilikuwa ndiyo kwanza narudi kupiga kura, hata viatu sijavua, mume wangu akanipokea mlangoni na swali lake la kila uchaguzi.

— Umeiweka kwenye ngazi, mama watoto?

— Safari hii sikuiweka huko.

Aliinama akaendelea kushona soli, kana kwamba nimemwambia chumvi imekwisha.

Yeye ni fundi viatu, mzaliwa wa nchi nyingine. Ameishi kwetu miaka thelathini na miwili, na mtaa mzima bado unamwita Mgeni. Hana haki ya kupiga kura, kwa hiyo kura yangu tuliiita kura yetu. Mimi nilikuwa sijui kusoma. Yeye ndiye aliyenisomea karatasi za vyama, kisha akanionyesha picha ya kuwekea alama: ngazi. Majirani walishangaa kuona mgeni akikishabikia chama cha Ngazi kuliko wenyeji, akiwapangia viti mikutanoni, hata watu wa kwao akaacha kuwasalimu.

Mwaka huu, baada ya miezi minane ya darasa la watu wazima, niliisoma karatasi ya Ngazi mwenyewe, kwa kidole. Mstari wa tatu ulisema kwamba wageni hawataongezewa vibali vya kuishi. Nikatafuta karatasi za zamani katika mkebe wake wa misumari. Mstari ulikuwamo katika zote. Hakuwahi kunisomea.

Siku nne hatukusemezana. Watoto wetu wameoa na kuolewa mbali. Nyumba ilibaki na nyundo yake upande mmoja, ufagio wangu upande wa pili. Nilipakua sahani mbili, nikala peke yangu, yake nikaifunika. Alihamishia godoro kibandani kwake. Nikamwandikia ujumbe wa kwanza maishani mwangu: "Rudi ndani. Nyumba imekuwa kubwa."

Alhamisi, Ngazi walisherehekea ushindi. Alivaa shati jeupe, akaenda. Jua halijazama, akarudi na mfuko wa viatu vibovu.

— Wamesema Jumatatu viwe tayari. Na viti vyote nilivyovipanga, hakuna aliyenikaribisha hata kimoja.

— Kwa nini uliuruka ule mstari, baba watoto?

Aligeuzageuza kiatu cha mtu.

— Nilidhani nikisimama katikati yao, hawataniona. Nilidhani wanawasema wale wengine.

— Na mimi je? Ulinifanya nikufukuze kwa mkono wangu mwenyewe.

Alitoa ile karatasi ya Ngazi mfukoni, imekunjwa mara nne, akanipa.

— Nisomee. Yote.

Nilisoma polepole, nikakwama mara mbili. Hakunisaidia hata neno. Nilipofika mstari wa tatu, alijifunika uso.

— Kibali changu kinaisha mwezi wa tatu.

— Tutakwenda ofisini pamoja. Fomu nitajaza mimi. Wakikataa, mabegi yatakuwa mawili.

— Kwa mwendo wako huo wa kuandika, watanifukuza hujamaliza jina langu.

Ndilo neno la utani la kwanza tangu Jumapili. Akainuka, akalirudisha godoro ndani.

Wewe uliyeyasoma haya kwa macho yako, mfikishie mwenzako ambaye bado anasomewa. Msomee yote, usiruke mstari.