Uso Nyuma ya Tone la Maziwa

Flashi iliwaka kabla puto halijapasuka.

Tabasamu alisimama gizani, sindano mkononi, puto likiwa zima mbele yake. Waya umelegea, akajiambia, maana mtu aliyechoka huridhika na jibu la kwanza.

Huyu Tabasamu alikuwa mpiga picha wa harusi. Jina hilo walimpachika majirani kwa sababu ya neno alilolirudia kutwa mbele ya maharusi, huku uso wake mwenyewe umekunjamana kwa uchovu. Alichoshwa na kupanga mashemeji kwa kimo. Alitaka kupiga picha ya kitu ambacho jicho la mtu haliwahi kukidaka. Ndipo akajenga mtambo wake stoo: flashi kuukuu alizozifungua na kuzifupisha mwanga, betri, na kipaza sauti kidogo alichokichomoa kwenye simu mbovu. Dirisha aliliziba kwa blanketi mchana kweupe. Kamera aliiacha wazi gizani. Puto likilia, kipaza sauti kinasikia, flashi inawaka, na picha inanaswa vipande vya mpira vikiwa bado hewani.

Ng'ambo ya ukuta alilala mkewe, nesi wa zamu za usiku.

"Mume wangu, hayo maputo yatanitoa roho," alimwambia siku moja, macho mekundu.

"Nitahamia kwenye matone ya maziwa. Maziwa hayapigi kelele."

"Basi nibakizie ya chai."

Tone likianguka kwenye sahani halisikiki sana, kwa hiyo Tabasamu aliongeza usikivu wa kipaza sauti mpaka mwisho. Kuanzia hapo flashi ikazidi kuwaka ovyo. Hakuna tone, hakuna mlango, hakuna hata panya. Kulikuwa na kitu kinachotoa sauti ambayo mtambo uliisikia na yeye hakuisikia. Kisha ikaja harufu, kama nywele zilizoungua.

Alipozitazama picha, aliona maziwa yamesimama kama taji juu ya sahani, na nyuma yake, mbali kidogo, kidevu. Picha iliyofuata ilikuwa na mdomo. Iliyofuata ilikuwa na uso mzima, mrefu kupita kiasi, umefumba macho, na umesogea karibu.

Nesi naye alianza kuporomoka. Alilala na kuamka amechoka kuliko alivyolala. "Kuna mtu ananikalia kifuani," alinong'ona. "Mzito. Ananipumulia hapa shingoni." Mwishowe akashindwa kwenda kazini, akabaki kitandani, midomo imekauka.

Tabasamu aliingia stoo akang'oa betri, akakata waya, akaibeba ile flashi mkononi ikiwa mfu kama jiwe, na hapo hapo ikamwakia usoni, na mkewe akaguna ng'ambo ya ukuta, ikawaka tena, naye akaguna tena, kana kwamba mwanga na kifua cha yule mwanamke vilikuwa vimefungwa kamba moja, na ile harufu ikamjaa puani mpaka akatoka akiyumba, akipapasa ukuta wa nyumba yake mwenyewe kama mgeni.

Alimpigia simu shangazi yake, aliyekuwa akitibu watu waliopagawa. Shangazi alifika kesho yake adhuhuri, akakaa kando ya kitanda, akamshika nesi kichwani.

"Tuambie unataka nini," alisema kwa upole.

Mdomo wa nesi ulifunguka. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa kavu, nayo ilitoka bila kifua kupanda wala kushuka.

"Apige tena. Zile nimefumba macho."

Tabasamu alirudi nyuma mpaka ukutani. Shangazi akamvuta kando.

"Mwanangu, hajawahi kujiona huyo. Umemwonjesha. Mpige, lakini usiitazame hiyo picha. Ukiyaona macho yake, na yeye atakuwa amekuona, na hapo mimi sina dawa."

"Shangazi, nimechoka."

"Najua. Nenda hivyo hivyo."

Alibandika plasta kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera. Akaingia stoo, akajifungia, akafungua kamera, akafumba macho, akadondosha tone. Ile flashi isiyo na betri iliwaka, mwanga ukapita mwekundu kwenye kope zake. Kisha pumzi ya baridi ikasimama sikioni mwake, karibu kiasi kwamba vinyweleo vilimsimama mwili mzima, na kitu kikaegemea bega lake, kizito, kama mteja anayechungulia kamera juu ya bega la mpiga picha asiyemjua, kikasubiri, kikasubiri, mpaka kikauliza kwa kunong'ona:

"Nimetokaje?"

Mwingine angefungua macho. Lakini Tabasamu alikuwa ameulizwa swali hilo na maharusi, mama wakwe na watoto wenye makamasi, na uchovu wa miaka yote ukamjibia.

"Umependeza," alisema. "Umependeza sana."

Ule uzito ukainuka. Blanketi likang'oka dirishani, jua likamwagika stoo nzima, na ile harufu ikakatika. Tabasamu alichomoa kadi ya kamera bila kuitazama, akampa shangazi, naye akaichoma kwenye jiko la mkaa mpaka ikayeyuka.

Chumbani, nesi alikuwa anakoroma.

"Na wewe lala," shangazi alisema. "Nitakaa macho mimi."

Tabasamu alijilaza sakafuni kando ya kitanda. Alipozinduka, miguu ya mkewe ilikuwa imesimama mbele ya uso wake.

"Mbona umelala chini na viatu?"

 Tabasamu akanyoosha mkono, akamshika kifundo cha mguu. Kilikuwa na joto.  Mkewe alisimama tu pale, akimwachia mguu wake, mpaka usingizi ukamchukua mumewe tena.