Joto la Marehemu Bartolomeo

Haya yalimpata shangazi yangu Hilaria, hapa hapa Kasansa, mwaka 1954. Ilikuwa Jumanne ya kawaida, watu wako mpungani. Mumewe, Bartolomeo, alikata roho alfajiri baada ya homa ya siku tatu. Saa nane mchana alikuwa ameshaoshwa, amefungwa rozari mikononi, na kaburi liko tayari.

Ndipo akafika Kasimiri, dresa wa zahanati. Alifundishwa miezi mitatu tu Mpanda, akarudi na kaptula ya kaki na kiburi cha daktari mzima. Kufunga kidonda kulimshinda, lakini kipimo cha homa hakikumtoka mfukoni. Alikichomeka kwapani mwa maiti mbele ya wafiwa. Nilimdharau palepale.

"Mia na tatu za Farenhaiti," alisema. "Msimzike. Ana homa."

Nilicheka. Alikuwa ametoka kumpima mgonjwa wa jirani, na mjinga yule alisahau kukikung'uta zebaki ishuke.

"Kikung'ute kwanza, bwana dresa," alisema baba yangu, Damiano.

Alikikung'uta. Zebaki ilishuka mpaka chini, niliiona. Akakirudisha kwapani.

Mia na nne.

Shangazi aliweka kiganja kifuani mwa mumewe. "Wa baridi," alinong'ona. "Lakini kaka, kama bado yumo?"

"Hayumo, dada. Utaamini kiganja chako au kijiti cha kioo?"

Kwetu maiti akishaoshwa halazwi tena ndani. Tukambeba. Kasimiri alitufuata akilia, akisihi tusubiri mpaka kesho. Mtu mzima! Nikamsukuma akaanguka. Udongo wa kwanza niliutupa mimi, kwa nguvu, ili anione.

Wiki ya pili shangazi alinishika mkono, akanipeleka kaburini. Ilikuwa asubuhi, umande kila mahali. Pale palikuwa pakavu. Nikagusa. Vuguvugu.

Nikasema ni jua. Jua lenyewe halikuwa limechomoza.

Kasimiri bado namdharau. Alijua, akakubali kusukumwa na mtu kama mimi.

Kuku wa shangazi alitagia juu ya kaburi lile, kisha akaliwa na kicheche. Mayai yakabaki peke yake. Baada ya wiki tatu tulikuta vifaranga saba wakilia juu ya udongo. Shangazi aliwakusanya kwenye kanga, mmoja mmoja, akawapeleka nyumbani. Hakuniuliza nani aliwaatamia.